Ngazi ya Nje ni Njia ya Watu

Hatua ya ngazi tunaiita kidato, na darasa la sekondari pia tunaliita kidato. Kila mwalimu anajua sababu: mwanafunzi hupanda salama kwa kuwa vidato vimepangwa kwa kipimo. Kipimo kikivurugika, anaanguka. Jambo hili dogo wenye maghorofa ya biashara hapa Songea hawataki kulisikia.

Tazama majengo yanayoota mjini. Chini duka, juu saluni, ofisi au nyumba ya wageni. Mwenye jengo hataki kupoteza chumba cha kupangisha, basi ngazi anaitupa nje, kwenye uchochoro uliobaki. Kidato cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, cha mwisho hakifanani na chochote. Cha kushikia hakuna, au kipo na kinatikisika. Juu yake vimebandikwa vigae vya kung'aa, ambavyo mvua za Januari huvigeuza utelezi. Mimi, mzee wa miaka sabini na ushei, nimewahi kushuka kwa makalio kutoka ofisi moja ya ghorofani. Mama mjamzito je? Na aliyebeba mtoto mgongoni?

Nani aliwaambia kwamba kilicho nje ya ukuta si sehemu ya nyumba?

Kipimo chenyewe si siri. Katika karne ya 17, Mfaransa François Blondel alifundisha kwamba kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kilingane na hatua ya mtu. Leo mafundi huchukua sentimita 60 hadi 65. Kimo 17, upana 29: jibu 63. Ni hesabu ya shule ya msingi. Kanuni zinazotumika kwa majengo ya biashara Marekani zinataka kimo kisizidi sentimita 18 hivi, upana usipungue 28, na vidato visitofautiane hata kwa sentimita moja. Ngazi ya nje, zaidi ya hayo, isituamishe maji. Sababu ni kwamba mguu hukariri vidato viwili vya kwanza, kisha huviamini vinavyofuata. Kidato kimoja cha uongo kinatosha kumvunja mtu nyonga.

Watasema ni gharama. Haya, tupige hesabu. Ghorofa yenye kimo cha mita 3, kwa vidato vya sentimita 25 kwenda juu na 20 za kukanyagia, hula kama mita mbili na robo za ardhi. Kwa vipimo vya haki hula karibu mita 5. Ugomvi wetu basi si wa saruji wala chuma. Ni wa mita mbili na robo tatu, fremu moja ya duka. Hiyo ndiyo bei waliyoiweka juu ya kiuno cha mteja wao.

Baya zaidi ni kufuli. Usiku geti la ngazi hufungwa, wageni wakiwa wamelala juu. Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua New York. Mlango ulikuwa umefungwa, na ngazi ya chuma ya nje ikapinda na kuanguka na watu. Walikufa 146. Tarehe 26 Machi 2001, hapa jirani, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na nondo. Tunangoja nini?

Sheria tunazo. Ile ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali kabla ya ujenzi. Ile ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ya mwaka huohuo, inaruhusu ukaguzi wa majengo. Ile ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Lakini ramani hukaguliwa mezani, na ngazi hujengwa uchochoroni.

Mkaguzi na aje na futi kamba kabla jengo halijafunguliwa, apime kila kidato. Pasipo pa kushikia, pasiwe na leseni. Na wewe mpangaji, kabla hujalipa kodi ya miezi sita, panda na ushuke mara moja huku umebeba mzigo. Ukijikwaa, ondoka na fedha zako.