Sauti nzuri haitoshe

Kati ya barua zenu za mwezi huu moja ilinikalisha usiku. Iliandikwa na papa mumoja wa Likasi, fundi wa mashine za mugodi. Jina lake sitataja, atajijua mwenyewe.

Binti yake iko na miaka 18, anaimba mu korale. Siku ya sikukuu ya mavuno alisoma matangazo mbele ya kanisa, na mutu wa radio moja ya biashara alikuwa amekaa mu kiti cha nyuma. Wakamuita. Sasa kila asubuhi ya juma posho anasoma komunike za vilio na za vitu vilivyopotea, na mu kartiye watoto wanamuita kwa jina la radio. Wamemuambia: "Ukija kila siku, tutakupatia kipindi chako mwenyewe." Kila siku, ni kusema kuacha masomo, na imebaki mwaka mumoja tu mbele ya egzameni ya Leta. Mushahara? "Wewe ungali mu staji." Ile staji imefika mwezi wa 7.

Mama anataka binti aache radio. Binti anasema akitoka leo, kesho mwingine atakaa mu kiti chake. Nyumba imegawanyika. Na papa ananiuliza: "Pasta, hii ni kazi ao ni muchezo? Mutu anaweza kuzeekea mu radio?"

Papa mupenzi, anaweza. Lakini wengi ninaowajua mimi waliozeeka ndani yake hawakuingia kwa mulango ule binti yako anataka kupitia.

Kwetu ni vigumu kutoa mufano wa uzee katika radio za biashara, kwa maana nyingi zao zilizaliwa tu kisha ile sheria ya tarehe 22/6/1996 iliyopatia watu binafsi nafasi wazi (leo kuko nyingine iliyoikamata nafasi, ya mwaka 2023). Kwa hiyo munikubalie niwapeleke mbali kidogo, Marekani, mahali ile kazi imeanza zamani na tunaweza kuhesabu miaka ya watu mpaka mwisho.

Mu 1947 wazungu wawili, John Pepper na Bert Ferguson, walifungua radio ya biashara mu muji wa Memphis. Jina lake WDIA. Haikuenda. Radio zingine za muji zilikuwa zinapiga muziki ule ule, na wafanyabiashara hawakuona sababu ya kulipa radio mupya. Ikawa karibu kufungwa. Basi wakafikiri jambo ambalo wenye radio wa ile sehemu ya kusini waliogopa: mu Memphis, zaidi ya mutu mumoja kwa watatu alikuwa Mweusi, na hakuna radio iliyosema nao. Tarehe 25/10/1948 wakakalisha mbele ya mikro Nat D. Williams, mwalimu Mweusi wa historia.

Wanaeleza kwamba siku ile mikro ilipofunguliwa, yote aliyotayarisha yalimutoka mu kichwa, akaanza kucheka tu. Kicheko kile kikawa alama yake. Watu walikuwa wanakingojea. Lakini binti, sikia hii vizuri: Nat hakuacha ubao. Alifundisha mpaka masomo yaishe, ndipo alienda ku radio. Kipindi cha kwanza kilianza saa kumi ya kisha muchana. Tena alikuwa anaandika mu gazeti. Na mumoja wa wanafunzi wake wa zamani, Rufus Thomas, alifanya vile vile. Rufus alitumika kwenye kiwanda cha nguo, kuangalia mitambo ya kuchemusha maji. Akitoka kiwandani, anaingia WDIA. Alikuwa anajulikana mu muji muzima, nyimbo zake zilikuwa zinauzwa, lakini kiwanda hakukiacha mpaka 1963, miaka kama 20. Hata mu uzee wake watu wa Memphis waliendelea kumusikia mu radio, na alikufa mu 2001.

Sababu gani hawakuacha? Ya kwanza, feza ya radio haikutosha kulisha watoto. Lakini ninaona na nyingine. Mwalimu anajua jina la kila familia. Mutu wa kiwanda anajua mutumishi mwenye kuchoka anapenda kusikia nini wakati anavua viatu. Mutu ambaye anakaa studio tu, kisha miezi sita hana tena neno la kusema. Anabaki kutaja majina ya marafiki na kupiga muziki.

Sasa tuseme feza, kwa maana vijana wengi wanaingia bila kujua namna ile nyumba inakula. Radio ya biashara haiuze muziki. Haiuze hata habari. Inauza masikio ya wasikilizaji kwa mwenye duka. Muuzaji wa simenti, kampuni ya simu, kanisa linalonunua saa moja, familia inayoleta komunike ya kilio: hawa ndio wanaolipa mafuta ya gurupu wakati kuran imekatika, na fundi, na kodi ya nyumba. Mwezi ambao hawakuja, mushahara wa mikro ndio unakatwa kwanza. (Juu ya kuran: mimi mwenyewe nilikuwa na kipindi cha kanisa kila juma nzima ya mwaka mumoja, na asubuhi moja nilihubiri karibu dakika 20 ndipo fundi akaingia kuniambia tulikuwa tumezima tangu mwanzo. Tulilipa ile saa hata hivi.)

Kwa hiyo yule anayejua kusema tu, hata sauti ikiwa kama asali, ni rahisi kumubadilisha. Yule anayejua kuandika tangazo la sekunde 30, lenye kumufanya mama atoke nyumbani aende kwenye lile duka, direktere atafikiri mara mbili mbele ya kumufukuza. Na yule anayejua kushika meza ya sauti wakati fundi amegonjwa, mara tatu.

Lakini ile piblisite iko na mwiba. Pale pale WDIA, kijana mumoja mwimbaji alipewa dakika kumi kila siku, na zililipwa na dawa ya nguvu jina lake Peptikon. Yeye aliisifu kwa wimbo. Kijana yule ni B.B. King, aliyekuja kujulikana dunia nzima. Kisha, akiwa mutu mukubwa, alieleza kwamba mu ile chupa mulikuwa pombe. Ninyi munaosikia radio zetu mu Kolwezi na Lubumbashi munajua ninasema nini. Chupa moja inaponya tumbo, inaponya macho, inaleta bwana. Siku mama mumoja anakunywa na kugonjwa, hakumbuke jina la mwenye dawa. Anakumbuka sauti iliyomuambia.

Sasa nifike kwa mama ambaye ningependa binti yako ajue habari yake. Martha Jean Steinberg, wa Memphis, alikuwa na bwana mupiga tarumbeta na mabinti watatu. Aliingia WDIA mu 1954. Mu 1963 akahamia Detroit, muji wa viwanda vya motokari. Detroit ni kama miji yetu: kiwanda kikikohoa, nyumba zote zinashikwa na homa. Wale walioona Gécamines ikiyumba miaka ya 1990 hawahitaji niwafasirie.

Martha Jean hakusema na watu wakubwa wa muji. Alisema na watumishi wa kiwanda, wanaume na wanawake wanaoamka gizani, na alikuwa anawasalimia na kuwaheshimu kila siku kwa mikro. Ile ilikuwa mutaji wake. Tarehe 23/7/1967 fujo ikaanza mu Detroit, kisha polisi kuvamia mahali watu walikunywa pombe usiku. Siku tano, watu 43 walikufa, maduka yaliungua mistari mizima. Martha Jean alibaki mbele ya mikro ya WJLB karibu saa 48 akiomba watu watoke barabarani, warudie ku nyumba zao. Sidhani kwamba sauti nzuri peke yake ingefanya watu wenye hasira wasikilize. Lakini miaka mine alikuwa anaingia jikoni mwao kila siku, na hakuwa amewauza.

Kisha, mu 1972, alianzisha kanisa, na mu kipindi chake cha saa sita ya muchana akaweka maneno ya kutia moyo. Mu 1982 akahamia radio nyingine ndogo ya muji ule, WQBH, si ku mikro tu lakini kuiongoza. Mu 1997 ikawa yake. Alikufa mwezi wa kwanza 2000, akiwa angali mutu wa radio. Hesabu mwenyewe tangu 1954: miaka 46, miji miwili tu. Hakuenda kutafuta jina New York.

Ninataja ile kwa sababu vijana wetu wanafikiri radio ya hapa ni ngazi ya kupandia kwenda Kinshasa, na toka Kinshasa kwenda Ulaya. Wengine watafika, sikatae. Lakini kazi ndefu ya radio ya muji ni kinyume chake: ni kubaki mpaka watoto wa wasikilizaji wako wawe wasikilizaji wako. Anayefikiria ndege kila asubuhi hatajifunza kutaja vizuri majina ya watu wa Kikula na ya watu wa Panda. Na wewe, binti, unayesoma komunike za vilio: ile kazi wanayokupatia kama ya chini ndiyo shule. Mutu amefiwa, amelipa, anakaa karibu na posti kungojea jina la mama yake. Ukilikosea, hatakusamehe miaka kumi. Kwa hiyo mbele ya kusoma, ita mwenye komunike, muambie akutamkie jina. Andika namna unalisikia, si namna limeandikwa.

Kuko jambo lingine ambalo wazazi wanaogopa na hawanitajie mu barua. Wanasema watu wa radio ni wa kununuliwa, na wasichana wa radio zaidi. Ile desturi ya kupaje, mwenye mukutano kumuwekea mwandishi feza mu bahasha, kila mutu anaijua. Sitamuhukumu upesi jurnalisti ambaye hajalipwa miezi mitano, watoto wamefukuzwa shuleni, na bahasha iko mbele yake. Mwenye kosa la kwanza ni patro anayefungua radio akijua kwamba bahasha za wengine zitalipa watumishi wake. Lakini kwa mutu anayetaka miaka 30, kupaje ni mukopo mubaya: muji ni mudogo, kisha miaka mitatu kila mutu anajua bei yako, na piblisite kubwa haiende kwa mutu wa bei ndogo. Juu ya wasichana: papa, kama kipindi ni cha usiku, uliza nani anafunga studio na nani anamurudisha nyumbani. Uliza mbele ya watu. Patro wa haki hatakasirika.

Basi ningefanya namna hii. Binti asiache masomo hata siku moja, na asiache radio. Juma posho abakie. Likizo aingie kila siku. Kama diplome inapatikana, Université de Lubumbashi inafundisha mambo ya habari na mawasiliano, anaweza kusoma na kuendelea kufanya kazi hapa hapa katika mukoa. Mu ile miezi yaliyobaki ajifunze meza ya sauti, aombe kumufuata mutu wa piblisite anapozunguka maduka, na kila juma posho aandike tangazo moja la duka ambalo hakuna mutu alimuomba. Sauti yake aichunge: maji, usingizi, na mu korale asilazimishe noti za juu kisha kusoma saa mbili.

Na staji ya miezi 7 iishe. Mama alitaka aache. Mama ana haki nusu, kwa maana kazi isiyo na mwisho wala feza haina jina la staji. Papa, vaa koti lako la juma pili, enda na binti kwa direktere. Usiende na hasira, wala na mimi. Muombe karatasi moja yenye mambo matatu tu: siku gani, kazi gani, na transpo ngapi kwa mwezi, hata ikiwa kidogo. Akitia sahihi, utajua kwamba anamuhitaji. Akisema vijana wengine wako mulangoni wanangojea, mushukuru, salimia, mutoke. Likasi haina radio moja tu, na binti sasa anajua kusoma komunike.

Uniandikie alijibu nini.