Mchezo Uliofutwa Kabla Haujatufikia

Mwezi Agosti mwaka 2004, mjini Athens, Mjerumani Manfred Kurzer alitwaa medali ya dhahabu katika shindano la kulenga shabaha inayokwenda kwa bunduki ya upepo. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho. Tangu siku hiyo mchezo huo haukuonekana tena katika Michezo ya Olimpiki, na si ajabu kama wasomaji wengi wa ukurasa huu hawakupata kusikia kwamba ulikuwapo, licha ya kusikia kwamba uliondolewa. Huo ndio msingi wa malalamiko ya makala haya.

Yafaa tueleze kwanza jinsi unavyochezwa. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, akiwa na bunduki ambayo husukuma risasi kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, bila baruti. Risasi yenyewe ina upana wa milimita 4.5. Mbele yake pana uwazi wa mita 2 tu. Shabaha hujitokeza upande mmoja, hukimbia katika uwazi huo na kutoweka upande wa pili. Katika mwendo wa polepole huonekana kwa sekunde 5. Katika mwendo wa kasi, kwa sekunde 2.5. Kabla haijajitokeza, mlengaji haruhusiwi kuweka bunduki begani, bali sharti kitako kiwe chini karibu na nyonga. Katika muda huo mfupi, basi, ainue bunduki, aitazame shabaha katika darubini, aifuate na kufyatua. Wanaume hupiga risasi 30 kwa mwendo wa polepole na 30 kwa mwendo wa kasi.

Walimu wa hesabu wataona mara moja utamu wa jambo hili. Risasi ya bunduki hiyo huenda yapata mita 170 kwa sekunde, kwa hiyo huhitaji takriban sehemu 6 za mia za sekunde ili kuvuka mita 10. Shabaha ya kasi nayo huenda sentimita 80 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba risasi ikiwa bado njiani, shabaha imekwisha kusogea karibu sentimita 5, na anayelenga pale ilipo amekwisha kukosa. Pamoja na ugumu huo, Kurzer alipata alama 590 kati ya 600 katika duru ya kwanza kule Athens. Sioni jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kuuita mchezo wa namna hiyo kuwa hauna thamani.

Wala si mchezo wa jana. Mjini London mwaka 1908 walengaji walipiga mfano wa kulungu uliokuwa ukikimbizwa umbali wa mita 100. Oscar Swahn wa Sweden alishinda hapo akiwa na umri wa miaka 60, kisha akapata medali ya fedha mjini Antwerp mwaka 1920 akiwa na miaka 72. (Wale wanaodhani kwamba michezo ni ya vijana peke yao na wautafakari umri huo.) Kuanzia mwaka 1972 umbali ulikuwa mita 50, kwa bunduki za baruti, na shabaha ilikuwa picha ya nguruwe mwitu. Katika mchezo huu, bunduki ya upepo ilianza kutumika Olimpiki mjini Barcelona mwaka 1992.

Hebu sasa tuutazame mwaka 1972, mjini Munich. Dhahabu ilikwenda kwa Yakov Zheleznyak wa Umoja wa Kisovieti, aliyepata alama 569. Aliyemfuata kwa alama 565 alikuwa kijana wa Colombia, Helmut Bellingrodt. Colombia ilikuwa imeanza kushiriki Olimpiki mwaka 1932, na kwa muda wote huo haikuwa imepata medali hata moja. Medali yake ya kwanza haikuletwa na mkimbiaji wala mwanamasumbwi, bali na mlengaji wa shabaha inayokwenda. Sisi tunaojua furaha iliyoletwa nchini na medali za fedha za Ndugu Filbert Bayi na Ndugu Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980, ambazo hata baada ya Michezo ya Paris ya mwaka 2024 zilibaki kuwa ndizo pekee tulizo nazo, hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo kwa wananchi wa Colombia.

Hoja iliyokuwa ikitolewa dhidi ya mchezo huu ni kwamba ulichezwa na nchi chache. Ni kweli, zilikuwa chache. Lakini hoja hiyo huwafaa wenye nacho. Mashine ya kuendesha shabaha haiuzwi dukani Kariakoo. Bunduki za mashindano hutengenezwa na viwanda vichache vya Ulaya, hasa vya Ujerumani na Austria, na bei yake ni kubwa kwa vyama vya michezo vya nchi maskini. Kwanza nchi zetu zinakosa vifaa, kisha kukosekana kwao kunatumiwa kuwa ushahidi kwamba mchezo hautakiwi. Kwa kipimo hicho, kila mchezo unaohitaji vifaa utabaki kuwa mali ya mataifa makubwa, au utafutwa mara yatakapouchoka.

Napenda kusema kweli pia upande wetu. Mchezo huu wa mita 10 huchezeka ndani ya ukumbi wa kawaida, mradi pawe na ukuta imara na usimamizi mkali, na gharama ya kiwanja chake hailingani hata kidogo na ile ya bwawa la kuogelea la Olimpiki. Mwaka 1976 nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ziligomea Michezo ya Montreal kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na makaburu katika raga, na dunia nzima ikasikia. Kama umoja huo ulipatikana kwa jambo zito kama lile, hapana sababu viongozi wetu wa michezo wakae kimya katika vikao vya kimataifa wakati orodha ya michezo inapopangwa. Wadai vifaa na makocha kwanza, ndipo hesabu ya nchi ifanywe.

Mchezo wenyewe haujafa. Katika Michezo ya Asia mjini Hangzhou, mwezi Septemba 2023, timu za wanaume za Korea ya Kusini na Korea ya Kaskazini zilimaliza sawa kabisa, kila moja ikiwa na alama 1,668. Dhahabu ilitolewa kwa Korea ya Kusini kwa kuwa risasi zake nyingi zaidi ziligonga katikati kabisa ya duara la kumi. Mwaka 2028 Olimpiki imepangwa kurudi Los Angeles, mji ambao Bellingrodt alipata medali yake ya pili ya fedha mwaka 1984. Shabaha inayokwenda haimo katika orodha ya michezo hiyo.