Kamera haijui bibi harusi ni yupi

Umewahi kwenda ngurario? Basi unaijua ile sehemu tamu. Wanawake wanapangwa mstari, wamefunikwa leso kutoka kichwani, na bwana harusi anatakiwa kumtambua wake. Akikosea ni faini, na vicheko juu.

Mwaka jana, huko Othaya, bwana harusi hakukosea. Kamera yangu ndiyo ilikosea. Leso ilipofunuliwa, bibi harusi akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikabonyeza. Jioni nikafungua picha. Maua ya leso ya shangazi aliyejisogeza mbele yametoka safi, hadi uzi unaonekana. Uso wa bibi harusi? Ukungu mtupu. Salio sikulipwa, na sikulalamika. Dakika ile hairudiwi.

Kwangu mimi, swali la oto-fokasi au fokasi ya mkono ni swali la ugali. Chuo niliacha kwa sababu ya karo. Kazi yangu ni kamera.

Elewa hivi: oto-fokasi ya kawaida haimjui mtu. Inatafuta mahali mwanga na giza vinapoachana vizuri, na ukiiachia ichague yenyewe, mara nyingi inashika kilicho karibu. Ndiyo maana ilipenda leso. Na kwenye ukungu wa Julai hapa Nyeri, au ukiupiga Mlima Kenya kabla ya jua kuchomoza, lenzi inaenda mbele na nyuma kama matatu inayosaka abiria.

Sisemi uiache. Watoto wakikimbia au wachezaji wakiingia uwanjani, mkono wako hautawahi. Kuna wasee wanajigamba eti fundi halisi hagusi oto-fokasi. Waambie Priya Ramrakha, Mkenya aliyepigia jarida la Life picha hadi akauawa Biafra mwaka wa 1968, alizungusha lenzi kwa mkono kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Minolta 7000, iliyoifanya oto-fokasi ivume, ilitoka 1985.

Ninachosema ni kwamba uamuzi uwe wako. Kwa kawaida, chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho la mtu. Kwenye ngurario, mnong'oneze shangazi mapema, yeye anajua bibi harusi amesimama wapi. Shika fokasi pale pale, kisha sukuma swichi ya lenzi: Canon kutoka AF hadi MF, Nikon kutoka A hadi M. Sasa hata nani akipita mbele, lenzi haihami. Bibi harusi akisogea, zungusha ringi kidogo umfuate.

Hiyo haisomwi tu, inazoewa. Msimamishe mdogo wako nyumbani, mfunike leso, mrudie mara hamsini. Afadhali akuchoke yeye kuliko ujifunzie kwa pesa za watu, kama mimi.