Mbwa Ana Ofu Kuliko Mathe

Kuna ushauri mmoja nimechoka nao kabisa. Unausikia redioni asubuhi, unausikia kanisani, unausoma chini ya picha ya familia fulani iliyovaa buti safi za kupanda mlima: ukiipenda familia yako, utaitafutia muda. Kana kwamba muda ni ufunguo ulioanguka chini ya kochi, na shida yetu ni uvivu wa kuinama.

Hebu nikuonyeshe kwetu. Tuko wanne. Mathe ni keshia wa supamaketi. Ana ofu moja kwa wiki, na hiyo ofu inahamahama: wiki hii Jumanne, wiki ijayo Alhamisi, na ratiba inabandikwa Ijumaa jioni kwa wiki inayoanza Jumatatu. Baba ni soja wa usiku. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Piga hesabu mwenyewe, ni saa 72. Dadangu yuko sekondari ya kutwa, na Jumamosi anarudi shule ingawa hakuna mwalimu anayethubutu kuita hiyo kitu tuisheni. Mimi naandika na kupiga picha, nalipwa kazi kwa kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo shangazi zangu wote wanaamini nimejaaliwa muda wa bure.

Na kweli ninao. Naweza kuingia Karura Jumatano saa nne asubuhi bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini niende na nani? Saa hiyo mathe yuko kwa kaunta, baba ndio ameshika usingizi, msichana yuko darasani. Mwaka jana, kutoka Januari hadi Juni, sote wanne tulikuwa huru siku moja mara mbili pekee. Moja ya hizo ilikuwa mazishi.

Hapa ndipo wahubiri wa muda wanapochemsha. Wanahesabu saa za mtu mmoja mmoja. Wanakwambia lala mapema, amka saa kumi alfajiri, punguza simu, utaona siku imepanuka. Sawa, imepanuka. Lakini kutembea na familia kunahitaji saa za watu wanne zikutane mahali pamoja, na mimi nikiamka saa kumi sijasogeza zamu ya baba hata dakika moja.

Sheria yenyewe haijawahi kufikiria jambo hili. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haisemi ni siku gani. Haisemi aambiwe lini. Kwa hivyo mwajiri anaweza kuwapa mume na mke ofu zao zote mwaka mzima, wasipishane na sheria hata kidogo, na wasile chakula cha mchana pamoja hata mara moja. Sheria inamwona mfanyakazi kama mashine inayopumzishwa isichemke. Kwamba hiyo mashine ina mtoto, kwenye hiyo siku ya mapumziko hilo halimo.

Kuna mtu atasema, si umchukue mathe hiyo Jumanne yake? Mtaani kwetu maji yanakuja siku mbili kwa wiki, na Jumanne ni mojawapo. Ofu ya mathe ni siku ya kufua, kujaza mitungi, kwenda kwa chama, kumwona fundi wa cherehani, kulala kidogo akiwa ameketi. Halafu nimwambie, mathe, vaa raba twende tukaone maporomoko? Atanicheka, na atakuwa na haki.

Sasa nije kwa mbwa.

Sehemu ya riziki yangu ni kupiga mbwa picha msituni. Ni kazi poa kuliko inavyosikika. Unalala kifudifudi kwa udongo mwekundu hadi lenzi iwe usawa wa macho ya mbwa, unangoja. Mbwa mweusi chini ya miti ni mtihani, maana kamera inadhani ni kivuli, inaangaza kila kitu hadi majani yanageuka meupe. Lazima uibishie. Asubuhi mwanga unaingia kwa vipande kati ya miti, na mbwa akipita kwenye kimoja una sekunde moja, labda mbili. Akisikia nyani juu anasimamisha masikio, na hiyo ndiyo picha mwenyewe atakayoitundika sebuleni.

Karura mbwa lazima awe kwenye kamba. Kwa hivyo karibu kila picha ina mkono.

Nimekaa na hizo picha kwa laptopu usiku mwingi, na mkono umekuwa ukinivutia kuliko mbwa. Jumapili mkono una saa ya kuhesabu hatua, na pembeni kuna mkono wa mtoto, na kikapu cha chakula. Jumatano mbwa ni yule yule, njia ni ile ile, lakini mkono umevaa ovaroli. Ni wa kijana aliyeajiriwa kukata nyasi, kuosha gari na kumtembeza mbwa. Mmoja tumekuwa marafiki. Anazijua njia za huo msitu kuliko ramani ya getini. Anajua mbega hukaa upande gani asubuhi. Anatembea saa nzima kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na mbwa wawili ambao si wake. Watoto wake wako mashambani na anawaona Desemba, mwaka mwingine na Agosti.

Mwenye mbwa aliponiandikia, alisema picha ni safi sana ila, tafadhali, naweza kuutoa huo mkono? Nikamjibu mkono unabaki. Salio langu sijaliona hadi leo.

Usinielewe vibaya, simwonei mbwa wivu. (Sawa, kidogo.) Nataka tu utazame jinsi muda wake ulivyopatikana. Hakuna aliyemwambia mbwa aamke mapema ajitafutie saa. Watu wenye uwezo walikaa, wakakubali kwamba kiumbe huyu akikosa kutembea ataharibika, wakaweka saa kwenye ratiba, wakalipa mtu ailinde hiyo saa isiguswe. Hivyo ndivyo muda unavyopatikana Nairobi. Mwenye ratiba ndiye anayeugawa, na huyo mbwa alikuwa na mtu wa kumsemea.

Inauma zaidi ukikumbuka huo msitu uko pale kwa nini. Miaka ya tisini mwisho, ardhi ya Karura ilikuwa imeshagawiwa watu binafsi wajenge. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miti wakapigwa na walinzi, yeye akapasuliwa kichwa. Leo zimebaki zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, na tunasema ni za Wanjiku. Wanjiku gani? Wa kwetu yuko kaunta namba sita. Hata akipata ofu, msitu unahitaji matatu mbili kwenda na mbili kurudi, mara nne, kabla hujalipa getini. Na tukitaka kwenda na Tomi, mbwa wa ploti yetu, jaribu wewe kumwingiza mbwa kwa matatu uone makanga atakavyokuangalia.

Kuhusu haiki za kulipia za wikendi, zile za basi na fulana na spika hadi Longonot, sina ugomvi nazo. Nimeenda, nikacheka, nikarudi na miguu ya mbao. Ila tusiziite muda wa familia. Ni watu 40 wasiojuana, kila mmoja ameacha wake nyumbani.

Wala sisemi supamaketi zifungwe Jumapili. Mimi pia hununua mkate Jumapili. Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji Bunge: ratiba ibandikwe wiki nne mapema, na kila mfanyakazi achague mwenyewe Jumapili moja kwa mwezi ambayo haiguswi. Kampuni inayoweza kujua ni pakiti ngapi za maziwa zitauzwa Jumamosi ijayo haiwezi kuniambia imeshindwa kujua nani atazipiga risiti.

Nasema haya hapa kwa sababu najua mnaosoma. Wengi wenu mmemaliza chuo mnachokifahamu kuliko mimi, na sasa ni masupavaiza, ni maofisa wa wafanyakazi, ni nyinyi mnaofungua hiyo faili ya ratiba Ijumaa saa tisa mkiwa na haraka ya kuondoka. Ijumaa hii fungua wiki nne badala ya moja. Halafu waite wa kaunta, na wa stoo, na soja wa geti pia, uwaulize wanataka Jumapili gani.