Alipima Boti, Hakupima Mlango

Mwezi huu hatuongelei wivu, wala mawifi, wala zile simu zinazopokelewa uani usiku. Tunaongelea boti. Ndiyo, boti! Na kama unadhani boti haiwezi kutikisa nyumba, kaa nikusimulie.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa 4, masika yamekolea hapa Dar, barabara yetu ya Kunduchi yote madimbwi. Niko gereji natoa keki kwenye oveni. Unashangaa? Gereji yetu ilikuwa haijalala gari kwa miaka 3. Ndiyo ilikuwa kiwanda changu: oveni ya gesi, friza, meza ya kukandia, rafu za vyombo hadi juu. Mara nasikia honi getini. Natoka na aproni yangu, namkuta baba watoto kwenye pikapu ya rafiki yake, anatabasamu kama bwana harusi. Nyuma yake trela, na juu ya trela boti nyeupe ya faiba, futi 17.

"Sapraizi, mama watoto!"

Sapraizi kweli, maana hela yenyewe ilikuwa ya kumalizia chumba cha uani. Plasta na vigae tu ndivyo vilivyobaki, kisha mimi nihamishie keki zangu huko.

"Na hili dude litalala wapi?" nikauliza.

"Gereji. Ina mita 6, boti ni mita 5 na kidogo. Itaingia tu."

Jamani, hapo ndipo wengi wanapoumbuka. Futi 17 ni mita 5.2, hilo halina ubishi. Lakini hizo ni za boti peke yake. Hazihesabu mkono wa trela uliotangulia mbele, wala injini iliyoning'inia nyuma. Tulipotandaza tepu kutoka ncha hadi ncha, injini ikiwa imeinuliwa, tukasoma mita 6.9. Tukaja kwenye kimo. Ndani, dari letu liko mita 2.6, na hapo ndipo mwenzangu alipopima kwa macho. Mlango una mita 2.1 tu, na kioo cha usukani cha boti kilikuwa mita 2.15. Boti haiingii gerejini kupitia darini, inapita mlangoni!

Usiku ule nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye akajibu. Tukanyamaziana siku 3. Chakula kinapakuliwa, kinaliwa, "asante" hakuna. Boti nayo iko nje inanyeshewa.

Siku ya 4 akaja gerejini, akaketi juu ya ndoo ya unga. Akaniambia jambo ambalo kwa miaka 9 ya ndoa hakuwahi kunieleza. Baba yake alikuwa mvuvi Mafia, na aliuza mashua yake ili kijana aende sekondari. Mzee akabaki kuvua kwa kibarua kwenye vyombo vya watu mpaka alipofariki. "Siku nilipoiona hii boti inauzwa," akasema, "sikuwaza gereji."

Moyo ulinilainika, siwezi kukudanganya. Lakini kulainika si kukubali. Nikamwambia, "Boti uliipima. Mlango hukuupima. Na mimi niliye nyuma ya mlango, hukunipima kabisa."

Halafu kulikuwa na jambo ambalo halikuhusu hasira zangu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni. Ukikuta moto wa oveni, au cheche ya friza inapojiwasha, hakuna tena nyumba ya kugombania. Kwa hiyo boti na keki zisingeweza kulala chumba kimoja hata kama gereji ingekuwa kubwa kama uwanja wa mpira. Mmoja alipaswa kutoka, na mimi sikuwa tayari kutoka kabla ya chumba changu kwisha.

Basi tukafanya hesabu kama watu wazima. Akamwuzia rafiki yake nusu ya boti. Ilimuuma, nilimwona. Hela ile ikapiga plasta, ikaweka vigae, ikavuta umeme. Wakati huo boti ilikaa chini ya mwarobaini, imefunikwa turubai, pua imeinuliwa na kizibo cha chini kimetolewa ili maji ya mvua yatoke. Usidharau kizibo hicho. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Boti ikijaa lita 300, trela inabeba uzito ambao haikuupangia.

Mwezi wa 9 nikahamia chumba changu. Ikabaki kazi ya kuingiza boti.

Urefu kwanza. Mkono wa trela ukawekewa bawaba maalumu, inayofungwa kwa pini nene, ili ukishafika ndani unakunjwa pembeni. Tulinunua kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo kulingana na uzito wetu. Usimwache fundi wa kuchomelea akate tu na kuunga, maana mkono huo ndio unaoshika mzigo wote barabarani. Injini nayo ukiishusha isimame wima inapunguza urefu, na maji yaliyobaki ndani yanachuruzika. Mita 6.9 zikawa 5.8. Mlango ukafunga, sentimita 20 zikabaki.

Kimo ndicho kilichotutoa jasho. Baba watoto alitaka kutoa upepo kwenye tairi. Fundi akasema inasaidia sentimita chache, na ukishapita lazima ujaze tena, boti isilale juu ya tairi bapa. Kisha akatuonyesha kitu rahisi zaidi. Trela ya ekseli moja ni kama bembea ya ubao ya watoto. Ukiinua pua, nyuma inashuka. Ukishusha pua, nyuma inapanda. Na mbele ya trela kuna kigurudumu chenye mkono wa kuzungusha, kinachopandisha na kushusha pua hiyo.

Fundi akafunga winchi ya mkono kwenye nguzo ya zege ndani ya gereji, boti ikaanza kuvutwa kinyumenyume. Vijana wawili pembeni, kila mmoja na kipande cha gogo cha kukingia tairi isirudi. Mume wangu kwenye kigurudumu. Mimi ndani, ukutani, macho kwenye lenta.

Njia yetu inapanda kidogo kuelekea mlangoni, kwa hiyo injini ndiyo iliyotaka kugonga kwanza. "Inua pua!" Akazungusha, injini ikainama, ikapita. Tairi zikafika sakafuni, sasa zamu ya kioo. Kioo kiko mbele ya ekseli, kwa hiyo kinyume chake: "Shusha! Shusha tena!" Pua ikashuka sentimita 30, kioo kikashuka kama 7. Tulihitaji 5. Kikapita chini ya lenta kwa unene wa kidole.

Nilimwambia "simama" mara tatu, na mara zote tatu akasimama. Kutoka pale alipoinama, mlango alikuwa hauoni. Alikuwa anaisikiliza sauti yangu tu. Msomaji wangu, kuna ndoa zina miaka 20 na hilo halijawahi kutokea hata siku moja.

Kabla ya kufunga mlango, tenki la petroli likatolewa, likapelekwa kwenye kibanda cha nje chenye hewa. Waya za betri zikafunguliwa, tairi zikawekewa magogo. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba, na ufunguo wa gereji tunao wote wawili.

Kaskazi ilipoanza, wakatoka alfajiri yeye na rafiki yake, wakarudi na kolekole wawili. Mmoja akampelekea mama yake. Nilimuuliza bibi alisemaje. Akanijibu, "Hakusema kitu, alimshika samaki akalia."

Kwa hiyo sikuambii umkatalie mwenzako ndoto yake. Nakuambia mchukue tepu wote wawili, mmoja ashike huku na mwingine ashike kule, kabla hela haijatoka benki. Mpime kitu chenyewe, mpime mlango, halafu mwulizane nani tayari anaishi humo ndani.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.