Waya wa Laki Nane Hauimbi! Mastaa Acheni Kuwapiga Madogo kwa Jina la "Sauti ya Studio"

Wiki nzima mjini stori ni moja. Staa mmoja wa kike wa bongofleva, jina linahifadhiwa ila wenye macho washamjua, kapost video ya sebule yake mpya. Sofa nyeupe, taa za zambarau, spika mbili ndefu zimesimama kama walinzi wa geti. Kamera inashuka taratiiibu mpaka chini ya TV, inaganda kwenye waya mmoja mnene wa bluu uliosukwa kama kamba ya kiatu.

Kwa mikogo yote anasema huo ni waya wa intaneti wa laki nane. Mita moja na nusu tu. Eti tangu auchomeke, "besi imekolea na sauti imekuwa kama ya studio."

Chini ya video kuna namba ya "mtaalamu" wake. Ukitaja jina la staa unapunguziwa. Waya laki nane, swichi milioni moja na laki mbili, na kwa wale wa hali ya chini kuna "seti ndogo" ya laki sita, unalipa kidogo kidogo. Yani hapo ndipo kiki ilipogeuka biashara, na biashara ikageuka wizi wa mchana kweupe.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina chawa.

Muziki wa ubora wa CD unapimwa hivi: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila sampuli, mara mbili kwa sababu kuna kushoto na kulia. Jumla ni kama kilobiti 1,411 kwa sekunde, yani Mbps 1.4. Ukibanwa kwa FLAC bila kupoteza kitu, unashuka chini ya hapo. Ule ubora wa juu kabisa ambao Apple Music wanautoa tangu 2021, wa biti 24 na kilohezi 192, hata usipobanwa kabisa haufiki Mbps 10. Netflix kwa filamu ya 4K wanashauri Mbps 15. Kwa hiyo nyumba inayoangalia filamu ya 4K bila kukwama ina njia ya kutosha kupitisha wimbo wowote duniani. Na waya wa kawaida wa Cat5e, ule unaokatiwa kwa mita Kariakoo kwa buku chache, unabeba Mbps 1,000 mpaka umbali wa mita 100.

Mbps 1,000! Wimbo unahitaji mbili. Sasa huo wa laki nane unaongeza nini? Ni sawa na kuajiri fuso lihamishe kikombe cha chai.

Chawa watakuja na lao: "Ishu sio spidi, ishu ni usafi wa sauti." Haya, wasikie na hili. Ndani ya waya wa intaneti hakuna sauti. Hakuna besi, hakuna gitaa, hakuna sauti ya mtu. Kuna sifuri na moja zilizofungwa kwenye vifurushi. Kila kifurushi kina namba ya ukaguzi, kikifika kimeharibika kinatupwa, na kifaa kinaomba kitumwe tena. Kinachofika ni kilekile kilichotumwa, herufi kwa herufi. Ingekuwa waya wa bei rahisi unabadilisha kilichomo, basi hata meseji ya benki ingefika na sifuri pungufu.

Asiyeamini afanye jaribio la bure nyumbani. Piga wimbo, subiri sekunde kadhaa, halafu chomoa waya kwenye ruta. Wimbo utaendelea kuimba kwa muda! Ni kwa sababu programu ilishavuta kipande cha mbele na kukihifadhi kwenye kumbukumbu ya kifaa. Sasa waya uko mkononi, besi bado inagonga. Huo "ukolezi" wa laki nane unatokea wapi?

Na huo muziki umetoka wapi kabla ya kufika sebuleni? Intaneti nyingi ya nchi hii inaingia kwa nyaya za chini ya bahari, SEACOM iliyowashwa 2009 na EASSy ya 2010. Data inakatiza bahari, inapanda nchi kavu, inaning'inia kwenye nguzo kando ya bajaji na wauza mahindi, inaingia kwenye kiboksi cha faiba ukutani. Maelfu ya kilomita kote huko hakuna aliyelipia waya wa laki nane. Ile mita moja na nusu ya mwisho ndiyo iokoe besi? Acheni utani.

Lakini kali kuliko zote ipo kwenye video yenyewe. Iangalie tena, sekunde chache kabla hajaanza kucheza. Ule waya unatoka kwenye kiboksi cha faiba kwenda kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta muziki unaenda kwenye simu kwa waifai. Kutoka kwenye simu unaenda kwenye spika kwa BLUETOOTH, alama yake inaonekana juu ya kioo kabisa. Bluetooth ya simu ile inabana muziki na kutupa baadhi ya data njiani, Apple wenyewe wanakiri kwamba muziki wao wa Lossless haupiti mzima humo. Kwa hiyo staa kanunua mlango wa dhahabu, ukuta wa nyuma kauacha wazi. Aliyemfungia hilo analijua vizuri, na ndiyo maana alichukua hela kwanza, maelezo baadaye.

Mtu atasema, hela ni zake, nyumba ni yake, wivu wa nini? Sawa. Angeishia kujimwambafai, hakuna ambaye angeandika neno. Anunue hata waya wa almasi. Tatizo ni ile namba chini ya video.

Kuna dogo mmoja Tabata, ana chumba cha uani anarekodi nyimbo za madogo wenzake wa mtaani. Kompyuta ya mtumba, maiki moja, magodoro ukutani. Alikuwa anadunduliza anunue spika nzuri za kusikilizia kazi zake. Kamuona staa anayemkubali, kaona "sauti ya studio", kaichukua seti ndogo ya laki sita, nusu akakopa kwenye hizi programu za mikopo ya simu. Faiba hana. Anatumia bando. Seti imekaa mezani kama pambo. Alipouliza kwenye komenti kwa heshima zote, "Dada, mbona haina tofauti?", akapigwa bloku. Deni halikupigwa bloku. Lile linapiga simu kila asubuhi, mpaka kwa mama yake.

Na kibaya zaidi, mtaalamu alimwambia aweke kila kitu kwenye ubora wa juu kabisa. Kwa mtu wa bando hicho ni kitanzi. Muziki wa kilobiti 320 unakula kama MB 144 kwa saa. Ubora wa CD kwa FLAC unaweza kula MB 400 na zaidi. Ule wa juu kabisa unahesabiwa kwa GB. Dogo bando la wiki liliisha kabla ya kulala, akadhani anaibiwa na mtandao.

Sasa ukweli ambao mtaalamu hawezi kuusema kwa sababu hauna kamisheni.

Kama muziki nyumbani unakatakata, kagua ruta kwanza. Wabongo wengi ruta ipo sakafuni nyuma ya TV, au juu ya friji, au chumba cha mwisho kabisa ambako fundi alichoka kuvuta waya. Itoe hapo, iweke katikati ya nyumba, juu kidogo. Ukiwa chumba kimoja nayo, tumia mkondo wa GHz 5, una spidi. Ukiwa vyumba viwili mbele na ukuta wa tofali katikati, tumia GHz 2.4, unapenya zaidi. Kwa wanaokaa nyumba za kupanga ambako kila mlango una waifai yake, ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo jirani hayupo. Bure kabisa.

Kama TV au redio yako ina tundu la waya, vuta Cat5e ya kawaida. Ndiyo, waya ni mzuri kuliko hewa, hilo halina ubishi. Na waya mbovu upo, uliokanyagwa na mlango au kutafunwa na panya. Ila ubovu wake unauona kwa muziki kukwama au kukatika, sio kwa besi "kutokolea". Ukikatika unabadilisha kwa buku chache, maisha yanaendelea. Umeme unakatika sana mtaani kwenu? Betri ndogo ya kushikilia ruta itakusaidia kuliko swichi ya milioni.

Halafu fungua programu yenyewe. Kwenye Apple Music, Lossless haijiwashi, unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio. Spotify Premium nao walianza kuitoa kwa awamu Septemba 2025, nayo unaiwasha kwa kila kifaa. Wapo watu wana spika za milioni na bado wanasikiliza ubora wa chini kwa sababu hawajawahi kugusa hapo. Wa bando, pakua nyimbo ukiwa kwenye waifai, usikilize baadaye bila kuunguza MB.

Hela ikibaki, ndio upeleke kwenye kitu kinachotoa sauti kweli: spika, sabufa, hedifoni. Hapo tofauti ya laki mbili utaisikia hata kama una mafua.

Tumalizie na lililo chungu. Huyuhuyu staa wa "sauti ya studio", wimbo wake wa mwisho ulisambazwa kwa madijei kama MP3 ya kilobiti 128, imekandamizwa mpaka matoazi yanalia kama sufuria. Madijei wamelalamika, kimya. Kilichotupwa kwenye MP3 hakirudi, hata ukiupitisha wimbo huo kwenye waya wa milioni kumi. Laki nane zile zingemlipa fundi mzuri wa kumalizia sauti, na kila shabiki, wa Masaki na wa Mbagala, angesikia tofauti kwenye kisimu chake.

Dada staa, futa ile namba. Mrudishie dogo wa Tabata laki sita zake. Halafu toa wimbo unaosikika.

Na wewe unayesoma, ulishawahi kuuziwa "sauti ya studio"? Ruta yenu imekaa wapi muda huu? Shuka kwenye komenti ufunguke, ila usitaje majina ya watu.