Aliyeomba Mshahara Wake Upunguzwe

Juma hili nataka kuwasimulia habari za mtu aliyekwenda kwa wakuu wake akaomba mshahara wake upunguzwe. Najua makarani wasomao ukurasa huu watacheka na kusema kwamba mtu wa namna hiyo hajazaliwa bado. Lakini alizaliwa, tena hesabu za kazi yake zimeandikwa zote, na kila atakaye aweza kuzitazama. Jina lake ni Ted Williams, Mmarekani, aliyezaliwa San Diego katika jimbo la California tarehe 30 Agosti, 1918. Kazi yake ilikuwa kucheza besiboli, naye aliichezea timu moja tu ya ligi kubwa, yaani Boston Red Sox, tangu mwaka 1939 hata alipoacha mchezo mwaka 1960.

Kwa kuwa besiboli si mchezo wa kwetu, yafaa kwanza niueleze kidogo. Wale waliopata kutazama kriketi wataelewa upesi. Mtu mmoja hutupa mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu nyingi. Mwingine, aliyeshika gongo la mti, husimama kadiri ya hatua ishirini mbele yake akijaribu kuupiga. Akiupiga ukaanguka pasipo mtu wa kuudaka, naye akawahi kufika kituo cha kwanza kabla ya mpira, amefaulu. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, hilo ndilo pigo kuu, naye huzunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa na mtu.

Sasa shikeni neno moja, maana habari yote yategemea hilo. Katika mchezo huu hata mpigaji hodari hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu. Anayefaulu mara 300 katika kila mara 1,000 huhesabiwa kuwa bingwa. Anayefaulu mara 250 ni mtu wa kawaida tu. Hesabu hiyo hufanywa kila siku na kuchapishwa magazetini, kwa hiyo mchezaji hana pa kujificha. Mkulima aweza kuisingizia mvua, na karani aweza kusema kwamba faili limepotea, lakini mpigaji husomewa hesabu yake mbele ya watu wote.

Ted Williams hakuwa na sababu ya kuiogopa hesabu hiyo. Mwaka 1941, alipokuwa kijana wa miaka 23, alifikia 406 katika kila 1,000. Siku ya mwisho ya msimu ule alikuwa amekaribia mno 400, hata wachapaji wangaliweza kumwandikia 400 bila kosa. Mkuu wa timu alimpa ruhusa akae kando, asije akaiharibu hesabu yake. Alikataa. Alicheza michezo yote miwili ya siku ile, akafaulu mara 6 katika mara 8. Katika ligi mbili kubwa za wakati ule hakuna mtu aliyefika 400 tena tangu mwaka huo.

Kisha vita vikamchukua. Misimu mitatu mizima, 1943 hata 1945, alikuwa rubani katika jeshi la nchi yake. Mwaka 1952 aliitwa tena, akapelekwa Korea. Huko, mwezi wa Februari 1953, ndege yake ilipigwa risasi ikawaka moto, naye akaishusha kwa tumbo la ndege akatoka mzima. Ukijumlisha, alipoteza karibu miaka mitano ya nguvu zake. Hata hivyo mwaka 1957, akiwa amekwisha kutimiza miaka 39, alifikia 388 na kuwa wa kwanza katika ligi yake. Mwaka 1958, akiwa na miaka 40, alikuwa wa kwanza tena kwa 328.

Ndipo ukaja mwaka 1959. Mwanzo wa mwaka ule alishikwa na maumivu makali ya shingo, mshipa wa fahamu ukiwa umebanwa. Msomaji aweza kuuliza shingo ina shauri gani na kupiga mpira. Ina shauri kubwa. Williams alipiga kwa upande wa kushoto, na mpigaji wa namna hiyo humgeuzia mtupaji bega la kulia, kisha hugeuza kichwa apate kumtazama kwa macho mawili. Asiyeweza kugeuza kichwa vema huuona mpira kwa shida, na mpira wenyewe hufika upesi kuliko mtu awezavyo kutamka jina lake. Hata hivyo alicheza. Katika mara 272 alifaulu mara 69 tu, yaani 254 katika kila 1,000, na mapigo makuu yalikuwa 10 tu. Katika misimu yake yote huo ndio peke yake ulioshuka chini ya 300.

Basi, mwafahamu ulimwengu ulivyo. Waandishi wa magazeti ya Boston hawakumpenda, wala yeye hakuwapenda. Tena tusimfanye malaika, kwa maana alikuwa mtu wa hasira. Mwaka 1956 aliwatemea mate watazamaji waliomzomea, akatozwa faini ya dola 5,000. Sasa watu walisema mzee amekwisha. Hata Tom Yawkey, mwenye timu, aliyempenda sana, alimshauri aache mchezo kwa heshima. Shauri hilo halikuwa la uadui, lakini lilimchoma moyo.

Kuna jambo moja la mwaka huo huo ambalo yafaa tusilisahau. Jackie Robinson alikuwa amefungua mlango wa ligi kubwa kwa watu weusi mwaka 1947, lakini Boston Red Sox iliendelea kuufunga wake kwa miaka kumi na miwili, ikawa ya mwisho katika timu zote 16. Julai 1959 ndipo Pumpsie Green alipoingia uwanjani kwa jina la timu hiyo. Kabla ya mchezo kuanza, wachezaji hurushiana mpira wawili wawili ili kuinyosha mikono. Ted Williams, mkubwa wa wote, alimchagua Green awe mwenzake katika zoezi hilo. Hakutoa hotuba. Alifanya hivyo mbele ya watu, na kila mtu aliona. Huo ulikuwa mwaka wake mbaya kuliko yote, wakati ambapo watu wengi huwaza habari zao wenyewe tu.

Msimu ulipokwisha, wakuu wa timu walimpa mkataba wa mwaka 1960 wenye mshahara ule ule wa dola 125,000, na kiasi hicho wachezaji wachache mno walikipata wakati ule. Williams aliurudisha. Hakuurudisha ili aongezewe, kama ifanywavyo siku zote. Alisema kwamba kazi yake ya mwaka uliopita haikustahili fedha zile, akataka zipunguzwe. Aliandikiwa dola 90,000. Yaani alijikata dola 35,000 kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nimeyafikiri sana mambo hayo. Yamkini baadhi yenu mtasema kwamba mtu mwenye dola 90,000 hana njaa, na kupunguziwa kwake si kama kupunguziwa kwetu. Hayo ni kweli. Lakini tazameni alichokinunua kwa fedha zile. Angalichukua mshahara wote, angalirudi uwanjani kama mtu aliyehurumiwa, na kila alipokosa mpira watu wangalisema anakula bure. Kwa kulipa deni la mwaka 1959 alirudi kama mtu huru. Alikuwa amekiri kwamba alishindwa, lakini hakukubali kwamba amekwisha. Hayo ni maneno mawili mbalimbali, na wengi wetu huyachanganya. Mmoja hushindwa mwaka mmoja akakata tamaa. Mwingine hushindwa akamlaumu kila mtu isipokuwa nafsi yake. Wote wawili hawajifunzi neno.

Tarehe 18 Aprili, 1960, msimu ulifunguliwa mjini Washington. Mara ya kwanza aliposhika gongo, Williams aliupiga mpira ukavuka ukuta. Mwezi wa Juni, mjini Cleveland, alitimiza pigo kuu la 500, na katika historia ya ligi hizo walikuwa watu watatu tu waliomtangulia. Hakujidanganya kuwa kijana. Katika michezo 154 ya msimu alicheza 113 tu, na siku nyingine alipumzika. Wala hakuacha desturi yake ya tangu ujana, kwamba hakupiga mpira mbaya kwa pupa, bali alingoja ule ulio mzuri. Msimu ulipokwisha alikuwa amefaulu mara 98 katika mara 310, yaani 316 katika kila 1,000, na mapigo makuu 29.

Mchezo wake wa mwisho nyumbani ulikuwa tarehe 28 Septemba, 1960, katika uwanja wa Fenway Park, mjini Boston. Timu yake ilikuwa dhaifu mwaka ule, nayo ilikuwa ya saba katika nane, kwa hiyo watazamaji walikuwa 10,454 tu. Mtupaji wa Baltimore wakati huo alikuwa kijana Jack Fisher wa miaka 21. Williams alikuwa na miaka 42. Aliposimama kwa mara ya mwisho, kila mtu akijua kwamba ni ya mwisho, aliupiga mpira ukaruka ukaangukia ng'ambo ya ukuta. Hilo lilikuwa pigo kuu la 521. Watu walisimama wakamwita kwa kelele atoke avue kofia yake na kuwaaga. Hakuivua. Tangu ujana wake alikuwa ameapa kutowavulia watazamaji kofia, akashika kiapo chake hata siku ile. Michezo mitatu iliyobaki New York hakwenda kuicheza. Aliivua kofia hiyo mwaka 1991, katika uwanja ule ule, alipokuwa mzee wa miaka 72.

Mwaka 1966 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli lililoko Cooperstown. Siku hiyo, badala ya kujisifu, alitamka wazi tumaini lake kwamba siku moja Satchel Paige na Josh Gibson watawekwa humo, maana walikuwa wachezaji wakubwa weusi walioachwa nje kwa sababu tu hawakupewa nafasi. Paige aliingizwa mwaka 1971 na Gibson mwaka 1972. Na mwaka 2024, wenye ligi kuu walipojumlisha hesabu za ligi za watu weusi wa zamani pamoja na zile nyingine, jina la Josh Gibson liliwekwa mbele ya wapigaji wote, na la Williams likawa nyuma yake. Nadhani Williams, aliyefariki mwaka 2002, asingalinung'unika. Yeye aliiheshimu hesabu ya haki, hata ilipompunguza.

Wakulima mtanielewa nikisema kwamba mkahawa wa zamani ukipunguza mazao mwaka mmoja, mwenye busara haukimbilii kuung'oa. Hutazama kwanza kama ni ugonjwa, au ukame, au mzigo mkubwa mno wa mwaka uliotangulia. Pengine huukata hata karibu na kisiki, nao huchipua upya. Kukatwa huko kunauma, na kwa muda mti huonekana kama si kitu. Williams aliukata mshahara wake kwa namna hiyo hiyo. Lakini mkulima huyo huyo ajua pia kwamba kila mti una mwisho wake, na asiyetaka kuujua mwisho huo hupoteza shamba. Williams aliujua. Aliporudi katika nguvu zake hakudai miaka mingine kumi. Alifanya kazi ya msimu mmoja vizuri, akaacha.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mimi naongeza kwamba aliyeteleza na akiri kwamba ameteleza, kisha atazame ni jiwe gani lililomtelezesha. Na ninyi wenye kuajiri, mtu aliyewatumikia vema miaka ishirini akiwa na mwaka mmoja mbaya, mwulizeni kwanza habari za shingo yake kabla hamjamwambia kwamba amezeeka.

Haya, tuonane juma lijalo.